AKINA MAMA WALIODAI HAKI YA KAZI

(Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa wanachama, Kawangware)



Tumepewa kazi ya kueleza habari za wanawake mashujaa wa zamani ambao majina yao hayatajwi sana. Hatukuja kusimulia hadithi za kupendeza masikio tu, maana chama cha wafanya kazi hakikutani siku ya mapumziko ili kusikiliza sifa. Twataka kuonyesha neno moja, nalo ni hili. Wanawake hawa husemwa kila mara kwamba "waliwasaidia wanaume". Sisi twasema hawakuja kusaidia. Walikuja kudai. Walikuwa na madai yao wenyewe, juu ya kazi yao wenyewe, iliyofanywa kwa mikono yao wenyewe. Mtu akilifahamu neno hili ataelewa kwa nini mwisho wa maneno yetu twaleta azimio mbele ya mkutano huu.

1. KODI, KIPANDE NA WASICHANA MASHAMBANI

Tuanze karibu na nyumbani. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha mwaka 1918, wenye mashamba ya kahawa na katani katika Kenya walilia kwamba hawana watu wa kazi. Mwezi wa Oktoba 1919 Serikali ya Gavana Northey ikatoa waraka kwa maofisa wake. Waraka ule uliwaagiza maofisa na machifu wawasukume watu watoke makwao waende kufanya kazi mashambani. Tena ulisema kwamba mahali ambapo shamba li karibu na vijiji, wanawake na watoto nao wahimizwe kwenda kufanya kazi wanayoiweza.

Ninyi mnajua maana ya neno "kuhimiza" likitoka kwa mkubwa likafika kwa mdogo. Juu huitwa ushauri, na chini huwa fimbo. Chifu alitaka kumpendeza ofisa, na askari wa chifu alitaka kumpendeza chifu. Basi wasichana wakachukuliwa makwao kwa nguvu, wakapelekwa kuchuma kahawa na kutengeneza barabara. Wengine walilala huko mbali na mama zao, na wako waliorudi wameharibiwa. Mzazi aliyelalamika hakuwa na pa kwenda, kwa sababu mshitakiwa ndiye aliyekuwa hakimu.

Wanaume nao walikuwa na mzigo wao. Kipande kilianza kushurutishwa kwa nguvu katika miaka ile ile, na mtu mzima alikivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati kama kengele ya mbuzi. Kodi ilipanda mpaka shilingi 16. Kisha mwaka 1921 wenye mashamba wakakata shauri kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Fikirini: kodi yapanda na mshahara washuka, na aliyeamua yote mawili hakumwuliza hata mfanya kazi mmoja.

Katika mwezi wa Juni 1921 palifanyika mkutano hapa kwetu Dagoretti. Machifu na wazee wa Kikuyu walikutana na maofisa wa Serikali pamoja na wamisheni, nao walitaja malalamiko hayo: mshahara, kipande, na wasichana wanaoshurutishwa kazi. Kijana mmoja, karani wa simu katika ofisi ya hazina, alikuwapo. Jina lake ni Harry Thuku. Mwezi ule ule alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, na baada ya muda mfupi kikageuka kuwa Chama cha Afrika Mashariki ili wafanya kazi wa makabila yote waweze kuingia. Thuku alipita akihutubia makutano makubwa. Popote aliposimama alitaja mambo manne: kodi, kipande, mshahara, na kazi ya nguvu ya wanawake na wasichana. Ndiyo maana akina mama walimpenda kuliko viongozi wote wa wakati ule. Aliyasema waziwazi mambo ambayo wao walikuwa wakiyasema jikoni.

2. TAREHE 16 MACHI 1922

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, akawekwa katika kituo cha polisi hapa Nairobi, karibu na Hoteli ya Norfolk. Mtu akipanda matatu ya 46 hapa Kawangware kwenda mjini, hatembei mbali akishuka kabla hajafika mahali pale. Barabara ile leo yaitwa Barabara ya Harry Thuku.

Habari zilipoenea, wafanya kazi waliacha kazi. Watumishi wa nyumbani waliacha sufuria mekoni, matopasi wakaacha mafagio, na makarani wakaacha kalamu. Asubuhi ya tarehe 16 maelfu ya watu walijaa mbele ya kituo. Wanawake walikuwamo katika mkutano ule, wamesimama pamoja.

Ujumbe wa wanaume ukachaguliwa kwenda kuonana na wakubwa wa Serikali. Ukaenda, ukazungumza, ukarudi na jawabu: watu watawanyike waende makwao, shauri la Thuku litaangaliwa kwa haki. Wajumbe waliwasihi watu waondoke, na baadhi yao wakaanza kuondoka.

Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza. Alikuwa mwanamke wa Kikuyu, asili yake Weithaga katika wilaya ya Murang'a, ambayo siku zile iliitwa Fort Hall. Hakuwa chifu wala mke wa chifu. Alisogea mbele, akainua nguo yake mpaka mabegani, akawaambia wanaume kwamba wavue suruali zao wampe yeye, naye awape nguo yake, maana kiongozi wao yumo ndani nao wanarudi nyuma. Wanaozijua mila za Wakikuyu wataeleza uzito wa jambo hilo. Mwanamke kujifunua mbele ya watu kwa kusudi si utani wala upungufu wa akili. Ni laana na ni aibu kubwa kwa yule anayefunuliwa. Mwanamke hafanyi hivyo ila njia nyingine zote zimefungwa.

Wanawake wenziwe wakapiga vigelegele. Umati ukageuka, ukarudi kwenye lango la kituo. Askari walikuwa na bunduki zenye singe, wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa kwanza. Imeandikwa pia kwamba Wazungu waliokuwa katika baraza ya Hoteli ya Norfolk walipiga watu bunduki kwa upande wa nyuma.

Serikali ilitangaza kwamba waliokufa walikuwa 21, na katika hao wanne walikuwa wanawake. Wenzake Thuku hawakukubali hesabu hiyo. Walisema kwamba wafanya kazi wa Kiafrika wa chumba cha maiti walihesabu maiti 56. Thuku mwenyewe alipelekwa Kismayu, akafungiwa sehemu za kaskazini bila kuhukumiwa, asiachiliwe mpaka mwisho wa mwaka 1930.

Je, watu wale walikufa bure? Hapana. Kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 mpaka 12. Shilingi 4 ni kitu kidogo kwa mtu aliyeshiba. Kwa kibarua wa mwaka 1922 ilikuwa jasho la siku nyingi. Kila aliyelipa kodi katika nchi alipata nafuu ile, hata yule aliyekaa nyumbani siku ya tarehe 16.

3. MADAI YALIKUWA YA NANI?

Sasa tuliangalie jambo lenyewe kwa makini. Watu wengi wanaosimulia habari hii husema hivi: wanaume walitaka kumkomboa Thuku, wakaogopa, na mwanamke mmoja akawatia aibu wakapata moyo. Basi mwanamke awa kama kiberiti: kazi yake ni kuwasha moto wa wengine, kisha kutupwa.

Sisi hatuioni hivyo. Kipande kilikuwa cha mwanamume na mwanamke hakukivaa. Lakini msichana aliyechukuliwa kwenda shamba la kahawa alikuwa binti ya nani? Mama aliyelima barabara mtoto akiwa mgongoni alikuwa nani? Wanawake waliokuja mbele ya kituo cha polisi walikuwa na mashitaka yao ya kazi, na Thuku aliyasikia na kuyapeleka mbele ya Serikali. Kufungwa kwake kulikuwa kufungwa kwa shauri lao. Ujumbe wa wanaume uliporudi na ahadi tupu, wanawake hawakuwa na sababu ya kuikubali, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyeingia ndani kuuliza: na shauri la mabinti zetu je?

Hilo ndilo funzo la kwanza, nalo ni funzo la chama cha wafanya kazi hasa. Ujumbe hupatana juu ya yale ambayo wajumbe wanayajua. Asiyekuwamo shauri lake husahauliwa, wala si kwa ubaya wa moyo. Mwenye kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

4. HAKUWA PEKE YAKE

Mtu mmoja atasema: huyo alikuwa mwanamke wa namna yake, hapatikani mwingine. Basi na tuende pwani, miaka tisa kabla ya hapo.

Mwaka 1913 Serikali ilitaka vijana wa Kigiriama watoke kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wageni na kazi za Mombasa. Ofisa aliyepewa kazi hiyo aliitwa Arthur Champion. Kodi ya nyumba ilikuwa mtego: asiye na fedha ya kulipa hana budi kwenda kuitafuta kwa mwajiri. Mjane mmoja, Mekatilili wa Menza, akaanza kupita mji kwa mji. Aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ambayo ni ngoma ya matanga, na walipokusanyika aliwaeleza habari ya vijana wao. Katika Kaya Fungo wanawake na wanaume walikula kiapo, kila upande kiapo chake, kwamba hawatawatumikia Wazungu. Ofisa akatafuta vibarua, asiwapate.

Kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Yasemwa kwamba katika mkutano mmoja Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamparamia ofisa kwa hasira. Mekatilili akasema, ndivyo itakavyokuwa ukija kuwachukua wana wetu.

Alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali sana, huko Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi pwani kwa miguu, mamia ya maili kwa njia ya nyika na misitu. Fikirini mwanamke mwenye umri mkubwa, asiye na ramani wala fedha, anarudi kwao kuendelea na kazi aliyoiacha. Mwaka huo huo Serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na Mekatilili akakamatwa tena. Alirudi kwao mwaka 1919.

Tena tutazame Murang'a, nchi ya asili ya Nyanjiru. Baada ya Vita Kuu ya pili Serikali ilishurutisha watu wachimbe matuta milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Matuta yenyewe hayakuwa jambo baya, na mkulima yeyote ajua thamani ya udongo wake. Lakini kazi ilikuwa ya lazima, siku mbili asubuhi kila juma, pasipo mshahara. Nani aliyeifanya? Wanaume wengi walikuwa mjini Nairobi wakitafuta fedha ya kodi, kwa hiyo jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake. Mwezi wa Aprili 1948 wanawake wapatao 2,500 walifika kwenye makao ya Serikali ya wilaya, wakaimba na kucheza, wakamwambia kila mtu kwamba hawatachimba matuta tena, kwa kuwa kazi ya nyumbani yawatosha.

Sikilizeni neno hilo, ndugu wanaume. Hawakusema, "Tumechoka." Walisema kwamba kuteka maji, kutafuta kuni, kulima, kupika na kulea ni kazi, nayo ina saa zake. Anayeongeza kazi nyingine juu ya hiyo lazima aihesabu kwanza. Hapa mjini twadai saa nane za kazi kwa siku. Wao walikuwa wakidai jambo lile lile milimani, bila katibu wala mhuri wa chama.

5. NJIA YA BIBI TITI

Labda mtasema: ujasiri twausikia, lakini chama hujengwaje? Hapo twavuka mpaka kwenda Tanganyika.

Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Leba cha Uingereza, John Hatch, alifika Dar es Salaam akawauliza viongozi wa TANU: sehemu yenu ya wanawake iko wapi? Haikuwako. Mwanamke aliyeitwa kuianzisha alikuwa Bibi Titi Mohammed, aliyezaliwa mwaka 1926, mwenye elimu ya darasa chache tu, mwimbaji katika kikundi cha ngoma ya lelemama. Pamoja naye walikuwapo wengine ambao majina yao hayatajwi sana, kama Bibi Tatu binti Mzee.

Bibi Titi hakukodi ukumbi akangoja watu waje. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, vikundi vya akina mama wa mjini: wapika pombe, wauza maandazi, watu wa vyumba vya kupanga. Vikundi vile vilikuwa tayari na viongozi, na michango, na desturi ya kuitana. Kiongozi wa ngoma akikubali, kikundi kizima chaingia. Kwa muda wa miezi mitatu hivi wanawake 5,000 walikuwa wamejiandikisha. 

Mwisho wa maisha yake haukuwa rahisi. Alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa shitaka la uhaini, akaachiliwa mwaka 1972, akakaa kimya miaka mingi, na watu waliosoma vitabu vya shule hawakuliona jina lake. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake. Lakini sisi twamtaja kwa sababu ya njia yake. Hapa Kawangware, kutoka Gatina mpaka Congo mpaka Kabiro, hakuna mtaa usio na vikundi vya akina mama vya kuchanga fedha na kuzikana. Vina wenyeviti, vina watunza hazina, na hesabu zao ni safi kuliko za vyama vingi vikubwa. Kazi ya kuwakusanya watu imekwisha kufanywa. Iliyobaki ni sisi kubisha hodi.

6. KONA YA UHURU, 1992

Tukio la mwisho wengi wenu mlilishuhudia au mlihadithiwa na wazazi wenu. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wazee, wengi wao wakulima wa vijijini, walikaa katika bustani ya Uhuru hapa Nairobi wakidai wana wao 52 waliofungwa kwa sababu za siasa waachiliwe. Miongoni mwao alikuwa Bibi Monica Wangu Wamwere, na Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Profesa Maathai alipigwa mpaka akazimia. Hapo baadhi ya akina mama walivua nguo zao mbele ya askari.

Kutoka mahali aliposimama Nyanjiru mpaka mahali walipokaa akina mama hawa ni mwendo mfupi wa miguu, na kati ya siku zile mbili ni miaka 70 kasoro siku chache. Askari wa mwaka 1922 waliitumikia Serikali ya Kiingereza. Wale wa mwaka 1992 walikuwa wana wa nchi hii, na wengi wao waligeuza nyuso zao wasitazame.

Akina mama hawakwenda nyumbani. Walihamia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa humo karibu mwaka mzima, wakilala, wakipika na kupokezana. Mpaka mwanzo wa mwaka 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wameachiliwa. Wafanya kazi wanaojua kugoma watalitambua jambo hili mara moja. Ulikuwa mgomo wa kukaa: walishika mahali pamoja, wakadai neno moja, wakapeana zamu.

7. NA SISI JE?

Ndugu wanachama, kila asubuhi kando ya njia ziendazo Lavington na Kileleshwa wanakaa akina mama wa Kawangware wakingoja kuitwa kufua nguo. Wengine ni wake zetu, wengine dada zetu, na wengine ni majirani wanaolea watoto peke yao. Mwenye nyumba anakuja na gari, anataja bei. Wa kwanza akikataa, wa pili anakubali pungufu, kwa sababu mtoto wake hajala. Jioni mwingine anarudi bila fedha: ameambiwa aje kesho, au ameambiwa shati limeharibika na bei yake imekatwa katika ujira wake. Anamwambia nani? Hana karatasi, hana shahidi, na jina lake halimo katika daftari lolote.

Hali yake si ngeni. Mwenye mashamba wa mwaka 1921 naye alipunguza mshahara kwa sababu alijua kwamba watu wako mmoja mmoja.

Lakini leo iko tofauti moja, nayo ni sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, haki ya kuingia chama, na haki ya kugoma. Haikusema "kila mwanamume", wala haikusema "kila mwenye barua ya kuajiriwa". Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba kibarua ambaye siku zake za kazi za mfululizo zikijumlishwa zimefikia mwezi mmoja au zaidi, ahesabiwe kuwa mfanya kazi wa mshahara wa mwezi. Na mwezi wa Juni 2011, katika mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva, ulipitishwa mkataba namba 189 juu ya watumishi wa nyumbani. Mkataba huo wasema kwamba mtumishi wa nyumbani ni mfanya kazi kama wafanya kazi wengine.

Sheria ni silaha nzuri, lakini hailengi yenyewe. Aliyefua kwa siku thelathini atathibitishaje siku thelathini kama hakuziandika? Kwa hiyo Kamati ya Elimu yaleta azimio hili:

(a) Kwamba tawi liwaandikishe akina mama wanaofua nguo, watumishi wa nyumbani na wapishi wa vibandani kuwa wanachama kamili kwa majina yao wenyewe, si kama wake za wanachama, na kwamba kazi hiyo ianzie katika vikundi vyao wenyewe, kwa kuzungumza na viongozi wao.

(b) Kwamba kila mwanachama wa namna hiyo apewe daftari dogo la kuandika tarehe, nyumba, kazi na fedha aliyolipwa au asiyolipwa, na katibu alitazame mara moja kila juma. Asiyejua kuandika aandikiwe.

(c) Kwamba wale wanaongoja kazi mahali pamoja wapatane bei moja ya kufua kwa siku, na mtu asishuke chini ya hapo. Tena chama kiweke akiba kidogo ya kumsaidia aliyekosa kazi kwa sababu ya kukataa bei ya chini. Bila akiba hiyo mapatano hayatadumu siku mbili.

(d) Kwamba ujumbe wowote wa tawi uendao kwa mwajiri au kwa Serikali usiwe na wanawake chini ya theluthi moja, na mikutano ifanywe saa ambayo mama mwenye watoto aweza kuja.

(e) Kwamba kila tarehe 16 Machi tawi likutane, jina la Mary Muthoni Nyanjiru lisomwe, na akina mama wazee wa mitaa hii waombwe kueleza kazi walizozifanya, mashamba waliyoyachuma na migomo waliyoiona. Maneno yao yaandikwe na kutiwa katika karatasi hii ya chama.

Yuko ndugu mmoja aliyetuuliza kabla ya mkutano: akina mama hawa watalipa ada kwa fedha gani? Ni swali la haki. Jawabu letu ni kwamba wanalipa tayari. Kila siku mama anayekubali bei ya chini analipa ada kubwa kwa mwenye nyumba, tena bila kupewa risiti. Na yeye anaposhuka bei, mume wake kiwandani naye anashuka, kwa kuwa mwajiri ajua nyumba ile haina akiba hata ya siku tatu za mgomo. Mshahara wa mwanamke si shauri la pembeni katika chama. Ni nguzo ya nyumba ile ile tunayoijenga.

Mwaka 1922 ujumbe uliingia bila mwanamke hata mmoja, ukatoka na ahadi. Wanawake waliobaki nje walijua kwamba ahadi ile haiwatoshi, na mmoja wao alilipa kwa maisha yake ili kulisema hilo. Chama hiki kina uwezo wa kuwasikiliza akina mama wakiwa hai, ndani ya chumba cha mkutano, wamekaa juu ya viti. Ndugu Mwenyekiti, twaomba azimio lipigiwe kura sasa, kabla akina mama hawajaondoka kwenda kupika.

Umoja ni nguvu.